Sitini zangu msiwaachie watoto peke yao

Jamani leo naomba tuongee ukweli kuhusu hizi sherehe za miaka sitini, sabini na kuendelea. Mama anakaribia kufikisha umri, watoto wanafungua grupu la WhatsApp bila yeye, wanachangishana, wanakodi ukumbi, wanatafuta MC ambaye hajawahi kumuona huyo mama hata siku moja, afu siku ikifika mama anakalishwa mbele kwenye kiti kikubwa kama bibi harusi, anaimbiwa, anapewa zawadi, MC anatangaza kwamba mama ni nguzo ya familia, makofi, picha, picha, picha. Sawa. Sasa rafiki zake wa miaka arobaini na kitu wako wapi? Wako meza ya nyuma kabisa karibu na spika, hawasikilizani, na mmoja wao akibahatika kupewa maiki anaambiwa mama tunaomba dakika mbili tu maana ratiba imebana.

Dakika mbili! Mtu amekuwa na wewe tangu mnasukana nywele, anajua nani alikuvunja moyo na nani ulimvunja we mwenyewe, anajua kazi uliyofukuzwa na ile uliyoacha kwa hasira, anajua mimba iliyoharibika ambayo hata mumeo hukumwambia mpaka baadaye sana, halafu anapewa dakika mbili na kijana mwenye koti la kung'aa.

Mi sisemi watoto wasituandalie, wakiandaa Mungu awazidishie, wengine wanatamani hata simu tu ya mtoto siku ya besdei na hawaipati. Ninachosema ni kwamba kama tunasherehekea maisha ya mtu basi ratiba waandike waliokuwepo kwenye hayo maisha, na kwa wanawake wengi wa rika letu waliokuwepo muda mrefu kuliko wote ni shoga zetu. Siyo mume maana wengi tulikutana nao ukubwani, siyo watoto maana walitukuta tumeshakuwa watu wazima, wazazi wengi wetu hawapo tena, ndugu sawa wapo ila ndugu hukumchagua na we mwenyewe unajua yapo ambayo ndugu humwambii.

Mtoto wako anakujua ukiwa mama, yaani kwake ulianza siku aliyozaliwa. Ukimwambia uliwahi kuruka dirisha la bweni anacheka lakini ukimwangalia machoni hajaamini. Na kuna kitu wataalamu wa kumbukumbu wamekiona mara nyingi mno kwenye tafiti zao, ukimwambia mtu aliyevuka miaka arobaini au hamsini asimulie maisha yake, kumbukumbu zinarundikana kwenye kipindi kimoja, kuanzia kama miaka 10 hivi mpaka 30. Ndo kipindi cha mambo ya mara ya kwanza, kazi ya kwanza, mshahara wa kwanza, kupenda, kuachwa, kuhama nyumbani. Sasa fikiria, sehemu ya maisha yako unayoikumbuka kuliko zote ndo hiyo ambayo watoto wako hawakuiona, kwa hiyo wakikaa kuandika risala lazima waandike nguzo ya familia, wataandika nini kingine na hawajui?

Kuna picha moja mi ninayo, imeanza kuwa ya njano, wasichana wanne tumesimama tumekunja sura kwa sababu aliyepiga alitusimamisha tulielekee jua, kiatu cha mmoja kimefungwa kwa kamba ya katani, na kwenye kona kuna kidole cha mpiga picha. Wajukuu wakiiona wanauliza bibi ni yupi basi. Shoga yangu akiiona anauliza hivi yule kaka aliyetupiga alishaturudishia ile negative? Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na mi siku yangu ikifika nataka awepo wa swali la pili, na akae mbele.

Ngoja niwape mfano wa watu wanaojulikana. Marekani walikuwepo wanawake wawili, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, waliopigania haki za wanawake na hasa haki ya kupiga kura. Walikutana mwaka 1851, mmoja ana umri wa miaka 35 mwingine 31. Stanton alikuwa ameolewa na kwa jumla alizaa watoto saba, Anthony hakuolewa maisha yake yote. Ilikuwaje wakafanya kazi pamoja? Anthony alikuwa anakwenda kwa mwenzake, anashika watoto, anakoroga chungu jikoni, ili Stanton apate kukaa chini aandike hotuba, afu Anthony anaibeba ile hotuba anakwenda kuisema huko mikutanoni. Mwanamke yeyote aliyewahi kushikiwa mtoto na rafiki ili amalize mtihani au amalize kazi ya watu anaelewa hiyo ni nini.

(Hawakuwa malaika, niseme kabisa. Wanaume weusi walipokuwa wanapewa kura kabla ya wanawake, Stanton hasa alisema maneno mabaya sana juu ya watu weusi na hayafutiki. Mi nawataja kwa ajili ya urafiki wao, mengine nayajua.)

Sasa angalia sherehe zao. Februari 1890 Anthony anatimiza miaka 70, wakafanya karamu hotelini Washington, na aliyesimama kuongea ni Stanton, na mada yake ilikuwa urafiki wa wanawake. Akasema kwenye maisha yake yote kama kuna kitu kimoja kinachompa raha kuliko vingine basi ni urafiki wake wa miaka mingi na Susan. Yaani alisema hivyo mbele za watu na nyumbani ana watoto saba! Mwaka 1895 zamu ya Stanton, anatimiza 80, sherehe ikafanyika Metropolitan Opera House pale New York, watu maelfu. Mwaka 1900 Anthony naye akafika 80, na huo ndo mwaka aliostaafu uenyekiti wa chama chao cha kudai kura ya wanawake. Mwanamke anastaafu na miaka themanini, afu we una hamsini na tano unaniambia umezeeka.

Ila kuna la mwisho. Mwaka 1902 Stanton alikuwa anakwenda kutimiza 87 tarehe 12 Novemba, na Anthony akawa anajiandaa kwenda kumuona kwa ajili ya hiyo siku, alishamwandikia hadi barua akikumbusha kwamba imepita miaka 51 tangu wakutane na yote hiyo wameitumia kuichokonoa dunia. Tarehe 26 Oktoba Stanton akafariki. Wiki mbili na kidogo tu zilikuwa zimebaki. Anthony akafa 1906 na ile kura yenyewe ikaja kupatikana kwenye katiba 1920, hakuna kati yao aliyeiona. Kwa hiyo wangesema wasubiri wafanikiwe ndo washerehekee wangekufa hawajasherehekea kitu, bahati nzuri walishafanya ya 70 na ya 80 mambo yakiwa bado hayajaiva.

Mi hilo la wiki mbili linanisumbua kuliko hotuba zote. Sisi kwenye grupu letu kila siku ni tutakutana, tutakutana, mwezi wa kumi na mbili tutakutana, mtoto wa fulani akimaliza chuo tutakutana, na tukija kukutana tuko kwenye msiba. Tena tunavyokumbatiana pale msibani tunaambiana jamani tusiwe tunakutana kwenye misiba tu. Afu tunaondoka.

Haya, na hesabu zenyewe zinasemaje? Duniani kwa wastani wanawake tunaishi kama miaka mitano zaidi ya wanaume, na wengi tuliolewa na watu waliotuzidi umri, kwa hiyo jumlisha mwenyewe. Kuna miaka mingi tu huko mbele utakayokuwa huna mume, ama kwa kifo ama kwa mambo mengine, watoto wako kwao wanahangaika na maisha, na anayejua kama umeamka salama ni yule uliyezoea kumtumia "umeamkaje shoga" saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye jumla ya watu 308,849, wakakuta waliokuwa na mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 50 wa kuwa bado hai kuliko wale wenye mahusiano hafifu. Hapo wamehesabu mahusiano ya kila aina, siyo marafiki tu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2025 lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaumwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kwa mwaka. Upweke wenyewe wala siyo wa wazee peke yao, vijana ndo wanausema sana, lakini kijana mpweke ana muda wa kutafuta watu.

Halafu kuna ule utafiti maarufu wa Harvard ulioanza 1938, unaofuatilia watu maisha yao yote kuona nini kinamfanya mtu azeeke vizuri, na jibu linalorudi kila mara ni mahusiano mazuri na watu. Unajua walianza na nani? Wanaume watupu, 724. Wake zao wakaja kuingizwa baadaye sana. Nikisoma vile nacheka peke yangu, yaani walikwenda kuwauliza wanaume kuhusu urafiki na mahusiano, sisi tuko pale pembeni tunaongea tangu asubuhi.

Sasa nirudi kwenye sherehe maana hapa ndo nina mengi. Mi naona tunasherehekea vitu vichache mno na tena vile vyenye namba tu, sitini, sabini, ndoa miaka arobaini. Namba sawa. Lakini ukiwakalisha wanawake watu wazima uwaulize ni siku gani ulijisikia umevuka mto, ni nadra akutajie besdei.

Mmoja wetu alipolipa ada ya mwisho ya mtoto wake wa mwisho aliichukua ile risiti ya benki akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni pale watu wanapotundika picha ya harusi. Mgeni akiingia anadhani ni cheti cha shule, anasogea kusoma, anakuta ni risiti. Tulikwenda pale kwake wote, hatukualika mtu, tukakaa chini ya ile risiti mpaka usiku.

Mwingine alisherehekea kuacha hedhi. Ndio, umesoma vizuri. Wengi wetu inakoma kati ya miaka 45 na 55 na madaktari wanahesabu kwamba imekoma kweli ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona, ikitokea hata mwezi wa kumi na moja unaanza kuhesabu upya, sasa yeye ilishamfanyia huo mchezo, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili ulipotimia salama alituma voisi kwenye grupu, hakuna neno hata moja, kicheko tu mwanzo mwisho. Pedi zilizobaki kabatini akamfungia binti wa mmoja wetu kama zawadi na ribini juu. Yule binti alikoma kwa aibu. Na mi nasema lile lilistahili sherehe kuliko besdei nyingi nilizohudhuria, kwa sababu ile miaka ya joto la ghafla usiku, usingizi hakuna, unagombana na kila mtu, unajiona kichaa, ni nani alikuwa anajua? Mume alikuwa anauliza mbona umefungua madirisha. Shoga zako ndo walikwambia hata mi mwenzio, nenda kamuone daktari, usikae na hali hiyo.

Na kuna kustaafu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Ofisi inakuaga siku ya mwisho, Ijumaa mara nyingi, hotuba, saa ya ukutani, kila mtu anasema tutakumiss. Siku hiyo huna shida kabisa, umezungukwa na watu. Shida ni Jumatatu. Shoga yangu mmoja alistaafu, ile Jumatatu yake ya kwanza tukakubaliana tumvamie bila kumwambia, tukafika mapema tu, tukamkuta kavaa nguo za kazi. Kakaa kwenye kochi, pochi iko mapajani, viatu miguuni, nywele kachana, redio haijawashwa. Anatuambia niliamka saa ile ile ya siku zote, nikaoga, nikavaa, nilipofika hapa ndo nikakumbuka. Hakulia wala nini, alikuwa anashangaa tu, anatuangalia kama vile sisi ndo tumuambie aende wapi. Tukamvua viatu. Tukakaa naye siku nzima, jioni tukatoka kutembea, kesho yake wawili wakarudi. Tangu hapo kwetu sherehe ya kustaafu ni Jumatatu, ile ya Ijumaa tunawaachia ofisi.

Yako na mengine ambayo sitayasema sana. Aliyetimiza miaka mitano tangu amalize matibabu ya saratani hakutaka sherehe yoyote, aliogopa, akasema nikishangilia sana nitajiletea, tukamuelewa, tukamsindikiza kliniki tu na tukarudi. Aliyeachika akiwa na miaka hamsini na nane alisherehekea kitasa. Kitasa kipya cha mlango na ufunguo mmoja, wa kwake.

Basi tuseme umekubaliana na mimi, sitini ya mwenzenu inakuja na mnataka kuiandaa nyinyi. Kwanza muziki upunguzwe jamani. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana tatizo kubwa la kusikia, kwa hiyo mkijaza spika ukumbini mmewafukuza robo ya wageni wenu wakiwa wamekaa palepale, wanatabasamu tu na kuitikia kwa kichwa. Mtu mwenye shida ya kusikia anahitaji akuone mdomo, mwanga uwe wa kutosha, meza ndogo za watu wachache, siyo meza ndefu ya mkutano. Viti viwe vya kuegemea. Choo kiwe karibu na kisiwe cha kushuka ngazi. Anzeni mchana, siyo ile kadi imeandikwa saa kumi na mbili bibi mwenye sherehe anaingia saa tatu usiku wakati wageni wake wana dawa za presha na sukari za kunywa kwa saa na dereva wao ni mjukuu mwenye mtihani kesho.

MC awe mmoja wenu. Sijali kama hajui kuongea. Mimi nishawahi kumsikia mwanamke anayetetemeka maiki mkononi akisimulia jinsi alivyokopeshwa nauli na sare ya shule na mwenye besdei, alirudia sentensi, akasahau, akaanza tena, ukumbi mzima kimya, na watoto wa mwenye besdei wamefungua midomo kwa sababu mama yao hajawahi kuwaambia.

Picha za zamani leteni zenyewe, za karatasi, zipite mkono kwa mkono. Na nyuma ya kila picha andikeni majina ya waliomo na mwaka, leo, kabla hamjasahau, maana mkishaondoka nyinyi wawili watatu mnaojua, hizo picha ni za wasichana wasiojulikana.

Hela. Hapa ndo urafiki wa muda mrefu unapovunjikiaga na watu hawasemi. Tulianza wote hatuna kitu, sasa miaka arobaini imepita, mmoja ana nyumba tatu, mwingine anaishi kwa mwanae na pensheni yake ni ya kununulia dawa. Ukitangaza mchango wa kiwango kimoja kwenye grupu na orodha ya nani katoa nani bado, umemwambia huyo wa pili asije. Na atatafuta sababu, atasema anaumwa mgongo. Sisi mhasibu ni mmoja, unamtumia ulichonacho yeye peke yake, hakuna orodha, hakuna "mpaka sasa waliotoa ni", na mhasibu akiulizwa ana ruhusa ya kudanganya. Kama haitoshi sherehe inapunguzwa, basi. Nguo za kufanana nazo mi sizitaki kwa sababu hiyohiyo, ila kwenye hilo nilishapigwa kura nikashindwa mara nyingi tu.

Na mliogombana je? Urafiki wa miaka hamsini usio na miaka ya kununiana mi sijauona. Hata hao kina Stanton, huyo Stanton alipotoa kitabu chake cha kuikosoa Biblia inavyotumika juu ya wanawake, Anthony hakukipenda hata kidogo, alimwambia anapoteza nguvu, lakini chama chao kilipotaka kupitisha azimio la kujitenga na kile kitabu mwaka 1896 Anthony alisimama kumtetea mwenzake. Azimio likapita na yeye kashindwa, ila alisimama. Kwa hiyo yule mliyeacha kusalimiana mwiteni. Ila msimpe maiki apatane na mtu mbele za watu, hiyo siyo sherehe ni mahakama. Mwiteni, mkalisheni karibu na mtu mcheshi, mengine yatajitengeneza au yasijitengeneze.

Mwenye maradhi ya kusahau naye msimfiche nyumbani. Na mkifika kwake msimuulize "unanikumbuka mimi?" Huo ni mtihani na atafeli mbele za watu. Mwambie jina lako, mwambie mimi ni fulani tulilala kitanda cha juu na cha chini, afu anza stori ya zamani, ya zamani kabisa. Kwa wengi wenye maradhi hayo yanayotoka kwanza ni ya juzi na jana, ya utotoni yanachelewa kuondoka. Tuna mwenzetu ambaye jina la mjukuu wake halijui tena ila ukianza nyimbo za kwenye kwaya ya shule anakukosoa ukikosea ubeti.

Waliotangulia watajwe kwa majina na kwa stori ya kuchekesha. Dakika ya kumkumbuka mtu isigeuke ibada ya mazishi nyingine, alishazikwa, tulilia, leo simulieni vituko vyake.

Najua pia kuna anayesoma hapa anasema mwenzenu sina hao watu, nilihama, niliolewa mbali, nilifungiwa, nikapoteana na wote. Kuna mtafiti wa chuo kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alikuja na makadirio kwamba ili mtu awe rafiki yako wa karibu inachukua zaidi ya saa 200 za kukaa pamoja. Mi nilivyoona hiyo namba nilisema mbona ni chache! Aliyestaafu ana hizo saa, kutembea pamoja asubuhi, kwaya, darasa la kushona, foleni ya kliniki. Huyo hatakujua ulivyokuwa na miaka kumi na tano, sawa, ila atakujua ulivyokuwa na sitini na tano, na ukifika themanini huo nao utakuwa urafiki wa zamani.

Kwetu anayefuata ni huyu tunayemuita Katibu, kwa sababu tangu shule ndo anatunza kila kitu, barua, namba za simu, nani alizaliwa lini. Anakwenda kutimiza sabini na ametutangazia kwamba hataki chochote. Tukamwambia hujaulizwa. Akakasirika siku kama mbili, akarudi kwenye grupu na masharti, yameandikwa kwa namba kabisa kama kawaida yake: hakuna MC, hakuna maputo, watoto na wajukuu waje jioni sisi tukishamaliza yetu, hakuna mtu kupiga picha akiwa anatafuna, na ile stori ya yeye na baiskeli ya mwalimu mkuu isisimuliwe mbele ya wakwe. Manne ya kwanza tumeyapitisha. La tano tumelipigia kura, amepata moja, ya kwake, kwa hiyo itasimuliwa na mimi ndo nimepewa kuisimulia.